Punje Mbili za Buni Moja

Nilikuwa mtu wa hasira, na kwa miaka mingi nilidhani ndivyo nilivyoumbwa. Mume wangu alidhani hivyo pia. Mama mkwe, ambaye asili yake ni pwani na alikuja bara akimfuata mumewe, alisema hasira zangu ni za watu wa Kishapu, kwa sababu kwetu jua ni kali na maji ni ya kugombania. Mimi nilimjibu kwamba nilipotoka Kishapu nilikuwa mpole kama ndama, hasira nilizikuta kwenye kahawa yake. Alicheka, akanimiminia kikombe kingine.

Maana kahawa niliolewa nayo. Nyumbani tulikunywa maziwa, uji na maji ya lambo, basi. Kahawa nilikuja kuijua huku migodini Geita, mume wangu alikokuwa na duka la nguo na sabuni. Mama mkwe aliikaanga buni kwenye chungu mpaka moshi ukajaa uani, akaitwanga, akatia tangawizi kidogo, akaichemsha kwenye dele lake la shaba. Asubuhi sikumjibu mtu salamu kabla ya vikombe vitatu. Baada ya alasiri nilikunywa tena, nikiwa nimekaa kwenye mkeka, na kule ng'ambo mashine ya kuponda mawe ya dhahabu ikipiga du, du, du, mchana na usiku, mpaka mtu akasahau kwamba inapiga.

Kisha likaja rovu. Lilianza kama yai la njiwa chini ya ngozi ya shingo, nikalifunika kwa kanga. Likakua, na kanga ikawa haitoshi. Nilikula kama mchimbaji lakini nikakonda. Mikono ilitetemeka, nikavunja vikombe vya mama mkwe viwili katika wiki moja, na badala ya kuomba radhi nikamgombeza yeye kwa kuvinunua. Nikilala chali nilihisi kama mtu ameniwekea kiganja kooni. Hayo yote niliyavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni kwamba binti yangu alikuwa ameanza kutembea, na kila nilipoinama kumbeba, pumzi ilikatika. Siku moja nikamwangusha. Hakuumia, alilia kidogo tu akanyamaza, lakini mimi sikuthubutu kumbeba tena mpaka jioni. Nikamwambia mume wangu anipeleke kwa mtu wa kulikata.

Tulisafiri kwa lori la pamba kutwa nzima, tukaipita Ushirombo vumbi likiwa limetugeuza wote rangi moja, mpaka hospitali ndogo ya misheni. Huko kulikuwa na daktari mpasuaji aliyekuja wakati wa kiangazi tu. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbugani hunasa magari mpaka ekseli, kwa hiyo ilikuwa lazima aondoke kabla. Ndiyo maana kila mtu pale, mgonjwa na mwuguzi, alitembea akiangalia juu. Ukisikia watu wananong'ona barazani ujue wanazungumzia mawingu.

Daktari alinishika shingo, kisha mkono, akatoa saa yake, akahesabu kimya. Alisema maneno yake kwa dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda na kutafsiri, ambaye alikuwa Msukuma mwenzangu, mtu mzima mwenye sauti ya chini.

"Mayu," dresa akaniambia, akiniita mama kwa lugha yetu, "daktari anasema moyo wako unakimbia. Akikukata hivi hivi utamfia mezani. Utalala hapa, utakunywa matone ya dawa ndani ya maziwa, na hutakunywa kahawa wala chai, hata ya rangi. Moyo ukitulia kabla ya mvua, atakukata. Usipotulia, ni mpaka mwakani."

"Na hili rovu ameliambia lingoje mpaka mwakani?" nikamuuliza.

Hilo hakulitafsiri.

Mume wangu akarudi na lori, kwa kuwa mtoto na duka vilimngoja. Nikabaki na kitanda, shuka moja nyeupe na dirisha.

Siku ya kwanza bila kahawa kichwa kilinianza nyuma ya macho. Siku ya pili kilishuka mpaka shingoni. Nilijifunga kanga kichwani kwa nguvu, nikalala nikitazama ukuta, nikamchukia kila aliyepita akivuta miguu. Nilimchukia hata jogoo wa misheni. Siku ya tatu asubuhi nilimwambia dresa kwamba kama moyo wangu utatulia kwa njia hii, ni kwa sababu utakuwa umesimama kabisa. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda zake.

Kwenye kitanda cha jirani alilala bibi mmoja aliyetoka magharibi ya ziwa, nchi ya migomba. Alimfuata mwanawe aliyekuwa mchimbaji, na akiwa migodini macho yakaota ukungu. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, akijua tu kwamba sasa ni mwanga na sasa ni giza. Yeye pia alingoja kisu cha daktari yule yule. Siku ile ya tatu, kwa aibu ya kutomsalimia mtu mzima tangu nifike, nikageuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Siku tatu nakusikia unagombana na hewa. Nani ameshinda?"

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka, na kucheka kukauma kichwani.

Alipapasa chini ya kitanda, akavuta kikapu kidogo chenye kifuniko. Ndani mlikuwa na kifurushi cha majani makavu ya mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba huo huo. Akakifungua kwa vidole vilivyojua kazi yao, akatoa buni moja kavu, nyeusi, yenye harufu ya moshi na majani ya porini. Akaipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na punje mbili zimelala kifudifudi. Akatia moja mdomoni mwake, ya pili akaiweka kwenye kiganja, akanyoosha mkono hewani, mahali aliposikia sauti yangu.

"Kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu," akasema. "Hii ni akamwani. Punje mbili za buni moja ni mapacha. Wewe ukila hiyo na mimi nikila hii, tumekuwa ndugu, na ndugu hajifichi."

Nikaipokea, nikaitafuna.

Sasa mtaniuliza kama sikujua ni kahawa. Nilijua ni buni. Nilikuwa nimezitwanga vibaba kwa vibaba. Lakini mahindi si ugali. Kahawa kwangu ilikuwa moto, dele, kikombe na mvuke puani, nayo ilikuwa ni kitu cha kunywa. Hii ilikuwa salamu, kama tambuu ya mama mkwe, kitu unachopokea kwa mikono miwili ili usimwaibishe mwenye kutoa. Dresa alisema nisinywe. Sikunywa. Wala wazo hilo halikunipitia kichwani hata kwa bahati mbaya, na ninaapa hadi leo.

Jioni ile kichwa kikafunguka. Nikayasifu matone ya dawa.

Tangu hapo siku zikawa kama zimetiwa ndani ya maziwa. Kulikuwa na dawa nyingine ya kutuliza waliyonipa, na nilielea nayo. Pazia la kitambaa cha marekani lilivuta pumzi dirishani, likatoa pumzi. Ng'ombe walipita mbali wakielekea majini, nikasikia kengele zao zikiingia wodini, zikizunguka vitanda, zikitoka kwa mlango mwingine. Nilimwona binti yangu akitembea juu ya shuka, mdogo kama kidole, nikamwambia ashike ukingo asianguke. Na chini ya yote hayo nilisikia mashine ya kuponda mawe, du, du, du. Nilifarijika kuisikia. Nikawa nawaza, kumbe sauti yake inafika hata huku. Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba migodi iko mwendo wa kutwa nzima, na kwamba kilichokuwa kikipiga ni moyo wangu.

Asubuhi na alasiri bibi alipasua buni, nami nikanyoosha kiganja. Wakati mwingine ilikuwa moja, wakati mwingine tano au sita, kulingana na urefu wa hadithi. Alinieleza jinsi zinavyochumwa zikiwa bado kijani, zinavyochemshwa na majani yenye harufu, zinavyoanikwa siku nyingi. Alinieleza nyumba yake, mlango wake, kivuli cha migomba. Alisema akifunguliwa macho, kitu cha kwanza atakachotazama ni mikono yake mwenyewe, aone imezeeka kiasi gani bila ruhusa yake.

Na kila asubuhi dresa alinishika mkono, akatazama saa, akatikisa kichwa.

"Bado unakimbia, mayu. Umekunywa kahawa?"

"Sijanywa."

"Chai je?"

"Nimekwambia sijanywa kitu. Unataka niape kwa nini?"

"Watu hufichiana vikombe hapa. Sikio la kufa halisikii dawa."

Niliketi kitandani, nikamwambia mambo ambayo hayasemwi kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Kuitwa mwongo, mimi, niliyekaa bila tone la kahawa tangu nifike! Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba daktari ameona mawingu upande wa ziwa. Amenipa wiki moja. Baada ya hapo atafunga sanduku lake.

Nililia siku ile, nalisema bila haya. Nilijiona nikirudi kwa lori na shingo ile ile, mtoto akikimbia kunilaki nami nikiogopa kuinama. Mwakani kulikuwa mbali, na kiganja kilichokuwa kooni mwangu kilikuwa kinazidi kukaza. Bibi alinisikia. Hakusema pole nyingi. Alivuta kikapu chake, akapasua buni moja baada ya nyingine, nami nikazitafuna nikilia, chumvi na uchungu pamoja.

Dresa alirudi alasiri, nadhani moyo ulimsuta kwa jinsi alivyoniacha. Akasimama kati ya vitanda vyetu, akamwamkia bibi. Naye bibi, kwa sababu mtu mzima aliyelelewa vizuri hapokei mgeni mikono mitupu, akaweka buni tatu juu ya kifuniko cha kikapu, akamnyooshea. Dresa akachukua moja kwa heshima. Akaipeleka mdomoni. Mkono ukasimama njiani.

"Bibi, hii ni nini?"

"Akamwani, mwanangu. Kahawa yetu."

Dresa akaitazama buni. Akatazama maganda kwenye shuka yangu. Akanitazama mimi, na taya langu lilikuwa bado linatafuna.

Niliitema ile punje kiganjani, nikaishika sijui niipeleke wapi. Sikuwa na hasira hata kidogo, nilikuwa na aibu tupu. Dresa angeweza kunicheka, na angekuwa na haki. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu kama mtu aliyechoka.

"Kila siku nimekiona kile kifurushi," akasema. "Nilidhani ni dawa ya kienyeji ya macho yake. Sikuuliza. Tumekosa wote, mayu. Lakini mvua haitangoja."

Kesho yake asubuhi bibi alipasua buni yake, akabakiza punje moja kwenye mkono mmoja, akaninyooshea mwingine. Nikausikia moyo wangu ukipiga. "Bibi," nikasema, "nimekatazwa. Sitaweza." Yeye haoni, na nadhani hakunielewa mara moja, maana mkono ulibaki hewani, kiganja wazi, punje katikati. Ulibaki hapo muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akaufumba, akaurudisha, akajilaza akageukia upande wa pili.

Maumivu ya kichwa yakarudi kana kwamba yalikuwa yamejificha nyuma ya mlango. Siku tatu nyingine. Safari hii nililala bila kugombana na mtu, kanga kichwani, macho nimefumba. Bibi naye hakusema neno. Alijifunga kitambaa kichwani, akalala akinipa mgongo, na nilipomsalimia aliitikia kwa pumzi tu. Hadithi zikaisha. Nikajua amenuna. Nilikula udugu wake kisha nikautema, na mtu wa kwao hukumbuka jambo kama hilo. Siku ya kwanza niliona ana haki. Siku ya pili hasira zangu zikaja kumsimanga kimoyomoyo: mtu mzima gani hajui kwamba mwenzake anatafuta uhai? Wahenga wamesema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nikajiambia, basi waache wazaliwa wake wafe naye.

Lakini mashine ilianza kupunguza mwendo. Nililala nikiisikiliza. Du, ikanyamaza kidogo, du. Mwisho ikaja asubuhi ambayo nilisikia kengele za ng'ombe pekee. Dresa akashika mkono wangu, akahesabu, akahesabu tena. Hakutikisa kichwa.

Walinikata nikiwa macho, katika chumba kilichopakana na wodi yetu. Walinidunga sindano za ganzi shingoni, wakaweka kitambaa, na daktari akamwagiza dresa kwamba lazima niongee muda wote, maana nikinyamaza hawatajua kama kisu kimegusa sauti.

"Niongee nini?"

"Chochote, mayu. Usikome tu."

Sikuwa na chochote. Kichwa kilikuwa kitupu kama chungu kilichooshwa. Ndipo nikaanza kupika kahawa. Nikasema, unachagua buni, unatoa mawe. Unaweka chungu juu ya moto mdogo. Unageuza, usiache, ukiacha inaungua upande mmoja. Ikianza kupasuka unaisikia, ikianza kutoa jasho unaiona. Nikaikaanga, nikaitwanga, nikatia tangawizi. Kitambaa kilikuwa cheupe juu ya uso wangu na mwanga ulipenya, nikaona uani kwetu kumejaa moshi, binti yangu akitembea ndani ya moshi huo bila kuanguka. Nikamimina kikombe cha mama mkwe, cha mume wangu, cha dresa. Nikamimina na cha bibi. Hapo sauti ilikatika, daktari akasimama, na dresa akauliza haraka kama nina shida. Nikamwambia hapana, nalia tu.

Kesho yake walimpeleka bibi. Walimrudisha amefungwa macho yote mawili, wakamlaza chali na mifuko miwili ya mchanga kushoto na kulia kwa kichwa chake asigeuke. Siku hiyo mvua ya kwanza ikanyesha. Tone moja moja, kubwa, likinyanyua harufu ya vumbi. Gari la daktari liliondoka mvua ikiwa bado inafikiria.

Siku ya nne niliweza kusimama. Sauti yangu ilikuwa mnong'ono, na rovu lilikuwa halipo. Nikaenda kukaa kando ya bibi, maana sasa hakuweza kunigeuzia mgongo hata angetaka. Nilitaka suluhu. Nikavuta kikapu chake, nikasema kwa ile sauti mbovu, "Bibi, nikupasulie?" Nikafungua kifuniko.

Kifurushi kilikuwa kimefungwa. Kamba ya mgomba ilikuwa na fundo la zamani lililokauka. Juu yake, ndani ya kipande cha jani, zilikuwapo punje mbili tu, pacha, za ile asubuhi niliyokataa.

"Bibi, hujatafuna tangu siku ile?"

"Akamwani haitafunwi peke yako mbele ya ndugu aliyekatazwa," akasema, midomo tu ikicheza. "Ungesikia harufu. Ungesikia meno yangu. Ungeshindwa."

"Na kichwa?"

"Kiliuma siku tatu. Chako si kiliuma tatu?"

Nikakumbuka kile kitambaa alichojifunga, na ile pumzi ya kunijibia. Vitanda viwili, hatua moja kati yake, na mimi niliyeyajua maumivu yale kuliko mtu yeyote pale wodini, sikuyatambua. Niliyaita kununa. Nikauweka uso wangu kwenye mkono wake, nikaona haya kwa kila neno nililomsimanga kimoyomoyo. Alinipapasa nywele, mkono ukashuka mpaka kwenye bandeji ya shingo, ukapumzika hapo.

"Nilikusikia ukipika," akasema. "Ulitia tangawizi nyingi."

Walipomfungua macho, mtawa mmoja alileta sanduku la miwani za zamani, akamjaribishia moja moja mpaka akapata nzito kuliko zote. Bibi hakutazama mikono yake kwanza. Alinitazama mimi, muda mrefu. "Kumbe u mdogo hivi," akasema. "Ile sauti ya ugomvi ni ya mtu mzee."

Dresa alinipa amri ya mwisho: bila kahawa mpaka mwezi mwingine uandame, moyo uzoee. Na bibi alikuwa anaondoka siku ile, mwanawe amekuja na lori kabla mvua hazijakolea, kumpeleka kwao moja kwa moja. Akachukua zile punje mbili. Moja akaifunga kwenye pindo la kanga yangu, moja akaifunga kwenye nguo yake.

"Mwezi ukiandama, tafuna. Nami nitatafuna siku hiyo hiyo. Nitautazama mwenyewe, kwa macho haya."

Nyumbani nilimbeba binti yangu kutoka chini mpaka begani, nikamshusha, nikambeba tena, mpaka akachoka akaanza kupiga mateke. Mume wangu alinizunguka kwa wasiwasi siku nyingi, akingoja nigombe. Sikugomba sana. Mashine ya kuponda mawe ilipiga ng'ambo, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba ile ni mashine. Mama mkwe alipokaanga buni, nilitoka nikaenda kukaa upande upepo unakotoka.

Jioni ya mwezi mwandamo ilikuwa ya mvua. Mimi na mama mkwe tulisimama uani baada ya magharibi, shingo juu. Wingu lilikuwa moja, zito, limefunika kutoka mgodini mpaka mwisho wa macho.

"Haukuandama," mama mkwe akasema. "Tuhesabu kesho."

Nikafungua fundo la kanga.

"Umeandama, mama."

"Umeuona wapi?"

"Yuko aliyeuona," nikamwambia, nikaitia punje mdomoni.